Staha, Kiwango cha Nne

Siku Lwitiko alipomrushia Shomari mwiko wa kujengea, ndiyo siku Atupele alipoamua kwamba amechoka.

Mwiko wenyewe haukumpata mtu. Ulipita juu ya kichwa cha Shomari, ukagonga ukuta wa karakana, ukatumbukia kwenye pipa la mchanga. Wote watatu wakabaki wamesimama wanalitazama lile pipa. Shomari alikuwa amechelewa kwa mara ya sita mfululizo, na Lwitiko alikuwa amemwita mzigo, kupe, na jina jingine ambalo halifai kuandikwa. Shomari naye akajibu kwa kumtaja mama. Ukishamtaja mama wa mtu, jamani, mazungumzo yamekwisha.

"Haya, chukueni mapumziko," Atupele akasema. "Nusu saa. Kila mtu kona yake."

Yeye alikwenda kukaa nyuma ya karakana, kwenye jua dogo la Julai lisilopasha mtu joto. Alikuwa anarudia mwaka. Mwaka uliopita kundi lake lilisambaratika kwa ugomvi ambao hata hakuuanzisha yeye, na Chuo cha Ufundi Lusungo hakikutaka kujua nani kaanza. Kazi ya kundi ina alama mia, na thelathini kati ya hizo ni za utulivu. Mkigombana mnazipoteza, na kiongozi ndiye anayepoteza kwanza. Baba yake alikwishamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba hakutakuwa na mwaka wa tatu.

Akatoa simu ya kundi, ile anayokaa nayo kiongozi peke yake, akafungua Staha.

Pale Lusungo kila mwanafunzi akiwa kwenye kazi ya kundi huvaa Staha sikioni. Ni kidude kidogo kama punje ya harage. Kinaziba sauti ya nje kabisa, kisha kinakuletea maneno ya mwenzako nusu pumzi baadaye, kwa sauti yake mwenyewe, yakiwa yamenyooshwa. Kiwango cha kwanza hupunguza makelele. Cha pili huondoa matusi. Cha tatu hugeuza amri ikawa ombi. Cha nne hutoa ubishi wote, na mahali ubishi ulipokuwa kinaweka kauli ya kukubali. Kanuni ilisema kiwango cha nne ni cha dharura: siku moja tu, na sharti kiongozi awaambie wenzake.

Wao walikuwa kwenye cha kwanza. Atupele akasogeza kidole mpaka cha nne.

Nitawaambia kesho, akajisemea. Na wallahi alikuwa na nia hiyo.

* * *

Kesho yake ilikuwa siku tamu mno kuiharibu. Shomari alichelewa tena, na Lwitiko akamwambia, "Karibu ndugu yangu, mchanga unakusubiri." Shomari akacheka, akachukua chekecheke. Wakafanya kazi mpaka saa kumi bila neno baya. Atupele aliingia bwenini siku hiyo akiimba, jambo ambalo wenzake wa chumba walilizungumza siku mbili.

Akaacha kuwaambia kesho hiyo, na kesho iliyofuata.

Kitu kimoja alikiona, na baadaye alikuja kukikumbuka mara nyingi kuliko alivyotaka. Lwitiko akizungumza, maneno yalikuwa yanaisha sikioni huku mdomo wake bado unacheza. Alikuwa anasema "Sawa, naomba ndoo," lakini midomo inaendelea, inaendelea, na mkono unapigapiga hewani. Mara ya kwanza Atupele alishtuka. Mara ya pili akageuka kutazama kitu kingine. Baada ya hapo akawa na mazoea ya kuongea naye akiwa ameinamia karatasi.

Kazi yao ilikuwa mnara wa tangi la maji katika shule ya msingi iliyo jirani na chuo. Nguzo nne, jukwaa, na juu yake tangi la lita elfu tano. Nguzo zilimiminwa kwa saruji hai, ile yenye vijidudu vinavyokula chokaa na kuigeuza jiwe. Ukimimina leo, vijidudu vinaanza kula, na baada ya siku ishirini na moja nguzo imekomaa. Ndivyo kitabu kilivyosema. Kitabu hicho kiliandikwa na watu wa pwani, ambako hata bati la nyumba halishikiki mchana. Lusungo mwezi wa saba unaamka unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi.

Lwitiko ndiye aliyekuwa mtu wa mchanganyiko. Baba yake alikuwa mwashi, na babu yake pia. Alikuwa na namna yake ya kupima: anavua Staha, anaiweka mfukoni, anaigonga nguzo kwa msumari wa inchi sita, halafu anaweka sikio. Shomari alikuwa anamcheka, anasema jamaa anabisha hodi. Lwitiko alikuwa hajibu. Anagonga, anasikiliza, anasogea chini, anagonga tena.

Siku ya ishirini na moja asubuhi alikuja anakimbia, msumari mkononi. Atupele alikuwa chini ya mnara anaunganisha mpira wa maji. Makabidhiano yalikuwa kesho yake. Mkuu wa shule alikwishaalika wazazi, na watoto walikuwa wamefundishwa wimbo.

Lwitiko akasimama mbele yake, akairudisha Staha sikioni kama kanuni inavyotaka, akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ilimtoka. Nusu pumzi ikapita.

"Atu, naona kama nguzo zingefaidika na muda kidogo," sikio likamwambia, kwa sauti ya Lwitiko, tulivu kabisa. "Ila sina neno. Endeleeni tu."

Mdomo ulikuwa bado unacheza. Akamshika Atupele bega kwa mkono wenye vumbi la chokaa, akalitikisa. Macho yalikuwa yamejaa maji.

Atupele alimwonea huruma. Alidhani ni uchovu, au labda mambo ya nyumbani.

"Sawa, Lwitiko," akamjibu. "Usiwe na wasiwasi. Tutafanya hivyohivyo ulivyosema."

Lwitiko akashusha pumzi, mabega yakalegea, akamwachia. Akasema kitu kifupi ambacho Staha ilikileta kama "Asante sana." Akachukua koti lake akaondoka kwa haraka kuelekea barabarani. Atupele akamwambia Shomari afungulie maji.

* * *

Mnara ulisimama usiku mzima, ukasimama na asubuhi watoto wakiimba. Lwitiko hakuwepo kwenye makabidhiano, na Atupele aliona aibu kidogo kwa niaba yake. Saa nne na robo wageni walikuwa darasani wanakunywa chai. Mama Sekela, mpishi wa shule, akabeba ndoo yake kwenda kukinga maji ya uji. Alikuwa wa kwanza kutumia bomba jipya. Alikuwa ameliomba hilo mwenyewe, kwa utani, kwamba yeye ndiye mzee wa maji pale.

Nguzo ya upande wa jikoni ilikatika katikati. Ndani ilikuwa nyeupe na laini kama jibini.

Mama Sekela hakufa. Walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Lwitiko alifika saa sita, juu ya lori, akiwa na magunia manane ya chokaa mbichi aliyokwenda kuiomba kwa ndugu wa baba yake. Alikuwa amekuja kuzipa nguzo chakula zaidi, ili vijidudu viamke. Akashuka, akauona mnara ulivyolala, akakaa chini palepale barabarani.

Jioni hiyo, kwenye benchi la hospitali, Atupele alifungua simu ya kundi. Staha hutunza sauti mbichi, ambazo hazijanyooshwa, kwa siku thelathini, kwenye simu ya kiongozi tu, kisha inazifuta yenyewe. Kinachobaki chuoni ni kumbukumbu iliyonyooshwa, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kama saini ya mtu. Akatafuta asubuhi ya siku ya ishirini na moja, akaweka simu sikioni.

"Msijaze maji! Atu, usijaze! Nguzo ni mbichi ndani, hasa hii ya jikoni, nimeigonga inaitika kama mbao! Itaanguka, itaua mtu! Kitabu hakijui baridi ya hapa. Nipe siku ishirini nyingine. Nakwenda kutafuta chokaa leo hii. Hebu nitazame! Unanisikia? Niahidi. Niahidi kwamba hamtajaza!"

Halafu akasikia sauti yake mwenyewe, ya upole, inayojibu: "Sawa, Lwitiko. Usiwe na wasiwasi. Tutafanya hivyohivyo ulivyosema."

Na Lwitiko, kwa sauti iliyokatika: "Mungu akubariki, Atu."

Aliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu muuguzi alimuuliza kama ni ndugu wa mgonjwa.

* * *

Lwitiko alimfuata siku ya tano baada ya mnara kuanguka. Alimkuta anafua, nje ya bweni, na hawakuwa na Staha kwa kuwa haikuwa kazi ya kundi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nne kuisikia sauti halisi ya Lwitiko ana kwa ana. Ilikuwa ya mikwaruzo, na haraka.

"Wananiita kwenye kikao," akasema. "Wanasema kumbukumbu inaonyesha nimekubali. Eti nilisema sina neno. Atu, wewe ulikuwepo. Mimi nilisema sina neno?"

"Hapana," Atupele akasema.

"Basi kwa nini mlijaza?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Povu lilikuwa linamtiririka mikononi, na maneno yenyewe hayakuwa mengi: niliweka cha nne, sikuwaambia. Angeyasema kabla povu halijakauka. Lakini akaona mwaka wa tatu ambao hautakuwepo, akamwona baba yake.

"Kulikuwa na mkanganyiko," akasema. "Nitawaeleza siku ya kikao. Nina sauti mbichi."

Lwitiko akafunika uso kwa viganja. "Ndaga fijo, dada yangu," akasema kwa Kinyakyusa, jinsi watu wa kwao wanavyoshukuru jambo kubwa. "Ndaga fijo. Nilidhani nimechanganyikiwa."

Kikao kilipangwa siku ya thelathini na mbili tangu asubuhi ile chini ya mnara. Atupele alipoiona tarehe kwenye ubao wa matangazo, alijua hesabu yake bila kutumia vidole. Alikuwa na siku za kutosha kuipeleka ile sauti ofisini. Kila asubuhi aliitia simu kwenye mkoba, na kila jioni akaitoa. Siku ya ishirini na nane alifika mpaka mlangoni kwa Dokta Nsemwa, mwenyekiti wa kikao, akakuta anakula, akasema atarudi. Hakuifuta ile sauti. Mtu asije kusema aliifuta. Aliiacha tu, mpaka siku ya thelathini saa sita mchana simu ilipotoa mlio mdogo, na ule mstari ukatoweka.

Akalia, ndiyo. Alilia sana. Lakini ndani ya kile kilio palikuwa na nafuu, na nafuu hiyo ndiyo ambayo hajawahi kuisamehe.

* * *

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, na kila aliyeingia alipewa Staha kwenye sahani. Mama Sekela naye aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akapewa ya kwake. Dokta Nsemwa, mzee mwenye subira na sweta la kijivu, akaeleza kwamba kwa kuwa kuna majeruhi na hisia ziko juu, kikao kitaendeshwa kwa kiwango cha nne.

Atupele akamtazama Lwitiko.

"Lwitiko," Dokta akasema, "kumbukumbu inasema, 'Sina neno. Endeleeni tu.' Ni kauli yako?"

Lwitiko akasimama. Mdomo ukafunguka. Alionyesha dari, alionyesha magoti yake, alimwonyesha Atupele kwa kidole.

"Ni kauli yangu," sikio likasema. "Ningeweza kufanya zaidi. Nawashukuru kwa kunisikiliza."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akaandika. Lwitiko bado alikuwa anasema, na mate yalikuwa yanamruka.

Atupele akaing'oa Staha sikioni.

"...si kauli yangu! Niliwaambia itaua mtu! Muulizeni huyu, ana sauti mbichi, aliniahidi mara mbili! Atu, sema! Sema basi, mbona umekaa kimya?"

Akasimama. Na safari hii alisema, yote, bila kuruka kitu. Alisema aliweka kiwango cha nne akakiacha wiki tatu. Alisema hakumwambia mtu kwa sababu alitaka zile alama thelathini. Alisema Lwitiko alimshika bega akalia, na yeye akamjibu kama anayembembeleza mtoto. Alisema sauti mbichi alikuwa nayo, akaiacha ikafa makusudi, kwa woga.

Nusu pumzi ikapita. Dokta Nsemwa akatabasamu.

"Asante, binti," akasema. "Umezungumza kwa hekima. Ni kweli, sote tunasikitika kwa yaliyotokea."

Shomari, pembeni, naye alitikisa kichwa akikubali.

Mtu mmoja tu hakutikisa. Mama Sekela alikuwa ameitoa Staha yake zamani, kwa sababu ilikuwa inamwasha, na sasa alikuwa anamkodolea Atupele macho. "Weee!" akasema. "Ninyi wazee, hamkumsikia huyu mtoto alichokisema?"

"Tunashukuru, mama," Dokta akamjibu. "Karibu sana."

Basi Atupele akachukua fomu ya mahudhurio, akaigeuza, akaandika nyuma yake. Herufi zilikuwa zimelala ovyo. Akaisukuma mbele ya mwenyekiti. Dokta Nsemwa aliisoma, akarudia kuisoma. Kisha polepole akatoa Staha yake, akaiweka juu ya meza.

"Hii sauti mbichi iko wapi?" Sauti yake sasa ilikuwa kavu.

"Imejifuta, Dokta."

"Lini?"

"Juzi. Saa sita."

Mzee akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Atupele.

"Na juzi asubuhi ulikuwa wapi, binti?"



* * *

Kanuni za Lusungo zinatambua kumbukumbu, hazitambui karatasi iliyoandikwa na rafiki wa mtuhumiwa, nyuma ya fomu, katikati ya kikao. Dokta Nsemwa alijitahidi. Alibishana na wajumbe saa nzima, akiwa amevua, nao wakiwa wamevaa, kwa hiyo unaweza kujua walichokisikia. Lwitiko alifukuzwa, na akanyimwa kibali cha ujenzi maisha yake yote. Karatasi ya Atupele iliingizwa kwenye jalada kama barua ya kumwombea mwenzake huruma. Alama za mnara zilikuwa sifuri. Alama za utulivu, kwa kuwa mashine haikuwa imeandika ugomvi wowote kwa wiki tatu, zilikuwa thelathini kwa thelathini.

Alimkuta Lwitiko nje, kwenye ngazi, anafunga kamba za viatu. Msumari wa inchi sita ulikuwa umechungulia kwenye mfuko wa shati. Wote wawili masikio yao yalikuwa wazi. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya uwanja, na mahali fulani watu walikuwa wanagonga bati.

"Lwitiko," akasema. "Nisikilize. Mimi ndiye niliyefanya hivi. Nilikuwa na siku thelathini. Nitukane. Nipige hata kibao, sitasema kwa mtu. Sema lolote unalotaka kuniambia, mimi nitalisikia lote."

Aliendelea kufunga kamba. Akamaliza kiatu cha kulia, akahamia cha kushoto. Atupele alimtazama shingoni, akiitafuta ile mishipa. Aliisubiri ile sauti ya mikwaruzo, ile iliyopiga kelele chini ya mnara naye asiisikie. Angetoa chochote aisikie sasa.

Lwitiko akasimama, akajipangusa suruali.

"Sina neno, Atu," akasema, taratibu kabisa.

Akashuka ngazi. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na haukucheza tena.